Jinsi ya kuandika majina na viwakilishi vya wasanii wa dragi kwa Kiswahili: mwongozo kamili

Makala za Kiswahili kuhusu wasanii wa dragi zinazidi kuongezeka, nyingi zikiandikwa na vijana wa dawati la burudani, na karibu zote humfikia mhariri zikiwa na makosa yaleyale. Msanii anatajwa kwa jina la kuzaliwa kwenye sentensi ya kwanza. Jina la jukwaani linafungiwa kwenye alama za kunukuu kama lakabu ya mtuhumiwa. Ukifika aya ya tatu mtu huyohuyo ameshaitwa "bwana huyu", "mrembo huyo" na "mwanaume anayejifanya mwanamke".

Waandishi wengi hudhani Kiswahili kinatukinga na tatizo hili kwa kuwa "yeye" ni yeye tu, awe nani. Hakitukingi. Kiambishi a- kinanyamaza, lakini nomino, vyeo, maneno ya udugu na hata vitenzi vyetu viwili vitatu vinataja jinsia waziwazi. Uamuzi ambao Mwingereza anaumaliza kwa neno moja, sisi tunaufanya upya kila sentensi. Ndiyo maana tunakosea, na ndiyo maana nimeandika hatua hizi kwa urefu.

Kwa asiyeijua, dragi ni sanaa ya jukwaani ambayo msanii anavaa, anapaka na anaigiza sura ya kike au ya kiume kwa kuitia chumvi. Anayeigiza sura ya kike huitwa malkia wa dragi, wa sura ya kiume mfalme wa dragi. Ni kazi. Haikuambii msanii ni nani akishafuta vipodozi.

## Unachohitaji kabla hujaandika neno

- Jina la jukwaani kama msanii mwenyewe anavyoliandika: kwenye bango la onyesho, jalada la albamu au ukurasa wake rasmi. Usilichukue kwenye habari ya mtu mwingine.
- Mahali pawili au zaidi ambapo msanii anajizungumzia kwa kinywa chake, na angalau pamoja kati ya hapo pawe pa miezi ya karibuni.
- Tarehe ya kila chanzo. Bila tarehe, chanzo hakikusaidii katika kazi hii.
- Njia ya kumfikia msanii au wakala wake.
- Picha zote utakazotumia, ukijua ni zipi amevaa dragi na ni zipi hajavaa.
- Karatasi moja ya maamuzi. Juu yake andika: jina la kwanza kutajwa, jina la kurudia, maneno yanayoruhusiwa, maneno yasiyoruhusiwa. Karatasi hii ndiyo itakayowaongoza mhariri, mtu wa picha na mtu wa mitandao.

## Hatua ya 1: Jua kama una mtu mmoja, au mtu na mhusika

Anza hapa, kwa sababu maamuzi yote yanayofuata yanategemea jibu hili. Kuna hali tatu.

Hali ya kwanza, jina la jukwaani ni la mhusika mwenye maisha yake. Evita Bezuidenhout wa Afrika Kusini ana mume, watoto na historia ya kisiasa, na vyote hivyo vimetungwa na Pieter-Dirk Uys, mwandishi wa tamthilia aliyezaliwa mwaka 1945. Dame Edna Everage naye alikuwa mhusika wa Barry Humphries wa Australia kuanzia mwaka 1955 hadi Humphries alipofariki mwaka 2023. Hapa una wawili: anayeandika mzaha, na anayeusema.

Hali ya pili, jina la jukwaani ni jina la kazi tu. Bianca Del Rio, mshindi wa mwaka 2014 wa Drag Race, shindano la runinga la Marekani la wasanii wa dragi, ni Roy Haylock akishuka jukwaani. Majina yote mawili yako hadharani kwa ridhaa yake, lakini umaarufu ni wa Bianca.

Hali ya tatu, jina la jukwaani ndilo jina la mtu. Sasha Colby, aliyeshinda shindano hilohilo mwaka 2023, ni mwanamke trans, yaani mwanamke ambaye alipozaliwa aliandikwa kuwa mvulana. Ni Sasha jukwaani, Sasha nyumbani, Sasha sokoni. RuPaul, mwenyeji wa shindano hilo, naye hana jina la pili la kubadilisha, ni RuPaul awe na wigi au asiwe nalo.

Hatari ya hatua hii ni kudhani kila malkia wa dragi ni mwanamume. Victoria Scone, aliyeshiriki Drag Race ya Uingereza mwaka 2021, ni mwanamke. Gottmik, aliyefika fainali Marekani mwaka huohuo, ni mwanamume trans. Landon Cider, mfalme wa dragi aliyeshinda Dragula, shindano jingine la dragi la Marekani, mwaka 2019, ni mwanamke akivua ndevu za kubandika. Ukianza na dhana, makala nzima itaegemea upande usio wake.

Umefaulu kama unaweza kuandika juu ya karatasi yako sentensi moja isiyo na "labda": Fulani ni mhusika wa Fulani, au Fulani ni jina la kazi la Fulani, au Fulani ni Fulani.

## Hatua ya 2: Tafuta anavyojiita leo

Vyanzo vyako vingi vitakuwa vya Kiingereza, na Kiingereza kitakupa «she» (ya kike), «he» (ya kiume) au «they» (isiyotaja jinsia). Usivitupe kwa kuwa Kiswahili hakina mfano wake. Ni dalili. Vinakuonyesha lini msanii anajiona mhusika na lini anajiona mwenyewe, na utavihitaji ukifika hatua ya 5.

Tom Neuwirth wa Austria ni mfano mzuri. Mwaka 2014 Conchita Wurst, akiwa na gauni na ndevu, alishinda Eurovision, shindano la nyimbo la Ulaya, jijini Copenhagen. Neuwirth amezoea kujitaja kwa «he» anapojisema yeye, na kwa «she» anapomsema Conchita. Anachotueleza ni kwamba pale kuna wawili, na mwandishi wa Kiswahili atalazimika kuwatenganisha kwa majina kwa sababu viambishi havitamsaidia.

Tarehe ni muhimu kuliko wingi wa vyanzo. Jinkx Monsoon alishinda Drag Race mwaka 2013, na habari za wakati ule zilitumia «he» kila alipokuwa nje ya dragi. Miaka ya karibuni amejitambulisha kuwa trans na anatumia «she». Mwandishi anayefungua habari kumi za mwaka 2013 atapata ushahidi mwingi sana wa jambo lililokwisha.

Ukiweza kumfikia msanii, muulize. Wengi huogopa kuuliza wakidhani ni utovu wa adabu, kumbe utovu wa adabu ni kubahatisha. Ujumbe mfupi unatosha, kwa mfano:

"Habari za kazi. Naandika makala kuhusu onyesho lako la Jumamosi na ningependa nikuandike sawasawa. Nikuite jina gani kwenye makala? Jina hilo litumike pia ninapoeleza maisha yako nje ya jukwaa? Nikihitaji neno la heshima, niweke dada, kaka, au nisiweke kabisa? Kuna jina, mtaa au mahali pa kazi ambapo hutaki paonekane? Nashukuru."

Usiulize "jina lako halisi nani?" wala "wewe ni mwanaume au mwanamke?" Swali la kwanza linamwambia kwamba jina alilokupa ni la uongo. La pili linageuza mahojiano kuwa ukaguzi.

Umefaulu ukiwa na kauli ya msanii mwenyewe, yenye tarehe, inayofanana na utakachoandika.

## Hatua ya 3: Amua jina lipi liende wapi

Kanuni ni fupi: kazi iliyofanywa kwa jina la jukwaani inaandikwa kwa jina la jukwaani. Aliyemhoji Nelson Mandela kwenye runinga ni Evita. Aliyeandika tamthilia na kufungua ukumbi wa maonyesho katika mji wa Darling, Afrika Kusini, ni Uys. Hatuhitaji mabano wala alama za kunukuu kuzunguka jina lolote kati ya hayo.

Wasomaji wetu wanaimudu hali hii vizuri. Mchekeshaji Flaqo wa Kenya anapoigiza Mama Otis, hakuna anayechanganyikiwa. Tunasema Mama Otis kamchapa Otis kwa ndala, na tunasema Flaqo ametoa video mpya. Simwiti Flaqo msanii wa dragi, nasema tu kwamba sikio la msomaji wetu linajua kutofautisha mhusika na mtu bila kuongozwa kwa mabano.

Kutajwa mara ya kwanza. Weka jina kamili la jukwaani bila pambo: "BeBe Zahara Benet, msanii wa dragi aliyezaliwa Kamerun, ndiye mshindi wa kwanza wa Drag Race, mwaka 2009." Linganisha na inavyoandikwa mara nyingi: "Mwanaume wa Kamerun, Marshall Ngwa maarufu kama 'BeBe', aliyejifanya mwanamke, alishinda…" Sentensi ya pili inamnyang'anya ushindi mshindi na kumpa mtu ambaye hakupanda jukwaani kwa jina hilo.

Kutajwa tena. Magazeti hupenda kurudia jina la mwisho. Kwa dragi, desturi hiyo inaweza kukuangusha. Wasanii hurithi jina la mwisho kutoka kwa mama wa dragi, yaani msanii mkubwa aliyewafundisha kazi. Kerri Colby ni binti wa dragi wa Sasha Colby. Ukiandika "Colby alisema" katika habari yenye wote wawili, msomaji atabaki njia panda. Na Bob the Drag Queen utamrudia kwa jina gani la mwisho? Chagua jina la kwanza la jukwaani, Sasha, Kerri, Bob, na ulishike hadi mwisho.

Tahajia. BeBe ina B mbili kubwa. The Vivienne anabaki na "The" yake, na kwa Kiswahili tunasema "onyesho la The Vivienne". Usitafsiri majina yenye mchezo wa maneno. Kama mchezo huo una maana katika habari yako, ueleze kwa sentensi moja kisha endelea.

Jina la kuzaliwa. Hapa ndipo waandishi wengi huanguka, kwa hiyo nitakaa kidogo. Kabla ya kuliandika, jibu maswali matatu kwa mpangilio huu:

1. Msanii ni trans, na jina hilo ameliacha? Kama ndiyo, haliandikwi. Halina nafasi kwenye wasifu, wala kwenye mabano, wala "kwa ajili ya kumbukumbu". Sasha Colby na Peppermint, mwanamke trans mwingine wa dragi, wana historia ndefu za kazi zinazoelezeka bila hata mara moja kugusa jina la cheti.
2. Msanii mwenyewe analitumia hadharani? Uys, Haylock na Neuwirth wanafanya hivyo. Hapo unaweza kuliandika.
3. Habari inalihitaji? Kuwa hadharani si sababu ya kuwa kwenye makala yako. Habari ya ratiba ya ziara ya Bianca Del Rio haina haja ya Roy Haylock.

Kuna habari ambazo kwa kweli zinahitaji majina yote mawili, na nitatoa moja kutoka Ayalandi. Januari 2014 Rory O'Neill, akiwa na nguo zake za kawaida, alihojiwa kwenye runinga ya taifa na kusema baadhi ya watu mashuhuri wanawachukia mashoga. Shirika la utangazaji, RTÉ, likatishiwa mashtaka na likalipa fidia. Wiki chache baadaye, tarehe 1 Februari, Panti Bliss alipanda jukwaa la Abbey Theatre mjini Dublin na kutoa hotuba iliyosambaa duniani. O'Neill na Panti ni mwili mmoja. Lakini mwandishi makini ataandika kwamba O'Neill alihojiwa na Panti alihutubia, kwa sababu hivyo ndivyo kila tukio lilivyotokea, na maana ya hotuba ile iko katika nani aliyekuwa amesimama pale na alikuwa amevaa nini.

Na neno "jina halisi" lifute kabisa kwenye msamiati wako wa kazi hii. Sema "jina la kuzaliwa", "jina analotumia nje ya jukwaa", au "jina la kwenye hati" kama ni habari ya mahakamani.

## Hatua ya 4: Pima usalama kabla ya kuchapisha

Mwandishi wa London akikosea jina, msanii atakasirika. Mwandishi wa Kampala, Dar es Salaam au Nairobi akikosea, msanii anaweza kupoteza chumba alichopanga, kazi ya mchana, au zaidi. Tusiige mitindo ya magazeti ya Ulaya kana kwamba tunaandikia Ulaya.

Oktoba 2010 gazeti moja la Kampala lilichapisha majina, picha na makazi ya watu lililowaita mashoga. Watatu walikwenda mahakamani na mwanzoni mwa Januari 2011 Mahakama Kuu ikawapa haki. Tarehe 26 ya mwezi huohuo mmoja wao, David Kato, aliuawa nyumbani kwake. Chanzo cha mauaji kilibishaniwa sana, na mimi sitakiamua hapa. Ninachosema ni kwamba jina na mtaa vikishachapishwa havirudi. Tangu hapo Uganda imepitisha sheria kali zaidi dhidi ya mashoga, mwaka 2023, na kwa Kenya Mahakama Kuu ilikataa mwaka 2019 kuondoa vifungu vya 162 na 165 vya kanuni ya adhabu, vinavyoharamisha mapenzi ya jinsia moja. Dragi ni sanaa na haimtambulishi mtu kuwa shoga, lakini jirani mwenye hasira hatasubiri ufafanuzi huo.

Kwa msanii wa Afrika Mashariki, basi, jina la jukwaani pekee ndilo la kuanzia, na jina la kuzaliwa linahitaji ruhusa ya maandishi. Kuwa kwenye TikTok si ruhusa. Angalia pia vitu vinavyosema jina bila kulitaja: sare ya kazini kwenye picha, kibao cha duka nyuma yake, jina la kanisa, jina la kijiji alikozaliwa, picha ya shule.

Wasanii wengine wamehamia Ulaya au Marekani Kaskazini huku mama na wadogo zao wakiwa bado mtaani kulekule. Muulize na hilo.

Umefaulu kama mtu anayemjua msanii kwa jina la nyumbani tu angeweza kusoma makala yako yote asimtambue, isipokuwa msanii mwenyewe ametaka atambuliwe.

## Hatua ya 5: Safisha maneno yanayobeba jinsia

Chukua rasimu na kalamu, upite neno kwa neno. Kompyuta haitakufanyia, kwa sababu maneno haya si makosa ya tahajia.

Nomino za kumrudia mtu. "Mwanaume huyo", "binti huyo", "jamaa", "bwana huyu", "mwanadada", "kidume". Tunazitumia kwa mazoea ili tusirudie jina. Badala yake una msanii, mwigizaji, mchekeshaji, mshindi, mtangazaji, mshiriki, mwenyeji wa onyesho. Hakuna hata moja kati ya hizo inayokulazimisha kuamua.

Vyeo. "Bw." na "Bi." viache, isipokuwa msanii amekitaka kimoja. "Dame" ya Edna ilikuwa ya mhusika, kwa hiyo usimwandikie Humphries. "Malkia" inakwenda na watu: malkia hawa, malkia alisema. Nimeona "malkia hizi" zaidi ya mara moja na inaumiza macho.

Sifa. Kwa Kiswahili cha kila siku, "mtanashati" tunampa mwanamume na "mrembo" mwanamke. Ukimwelezea malkia wa dragi jukwaani, "mrembo" ni sawa, maana urembo ndio anaouigiza. Ukimweleza Haylock kwenye mahojiano ya asubuhi, "nadhifu" au "amependeza" vinatosha.

Kuoa na kuolewa. Huu ndio mtego mkubwa wa lugha yetu, na Kiingereza hakiujui. RuPaul na Georges LeBar walifunga ndoa Januari 2017. Ukiandika "RuPaul aliolewa na LeBar" umetangaza nani mke, na ukiandika "alimwoa" umetangaza nani mume, na hakuna aliyekuambia lolote kati ya hayo. Andika "walifunga ndoa", "walioana", au "RuPaul na mwenzi wake". Kwa mwanamke trans kama Sasha Colby, "kuolewa" ni sahihi akiwa mwenyewe anajisema hivyo.

Maneno ya udugu. Kaka, dada, shangazi, mjomba, wifi. Yaweke tu pale ambapo msanii ameyatumia. Unapotaka kusema tu kwamba wamezaliwa tumbo moja, "ndugu yake" au "mdogo wake" yanafanya kazi. "Mama wa dragi" na "binti wa dragi" ni maneno ya kazi na hayategemei jinsia ya mtu. Yaache kama yalivyo, na uyaeleze mara ya kwanza ili msomaji asidhani ni mama mzazi.

Kujifanya. Kwetu kujifanya ni kudanganya: mtu kajifanya askari, kajifanya daktari. Msanii wa dragi hamdanganyi mtu aliyekata tiketi. Tumia "anaigiza", "anapanda jukwaani kama", "akiwa kwenye dragi". Na ukiandika kuhusu mwanamke trans, hata "kuigiza mwanamke" ni kosa: Peppermint haigizi kuwa mwanamke, anaigiza dragi.

Matusi yaliyovaa nguo za maelezo. "Jikedume", "msenge", "hanithi" hayana kazi kwenye makala. "Shoga" si kazi ya mtu, na kama msanii hajajiita hivyo mbele yako, huna ruhusa nalo. Jihadhari pia na ngeli ya dharau: "lile lilivyovaa", "jitu lenye wigi". Mwandishi anayeheshimu anaowaandika anabaki kwenye ngeli ya mtu.

Suala moja hujirudia: wasanii wenyewe huitana "shosti", "dada", "mama" nyuma ya pazia, hata wale wanaotumia «he» wakirudi nyumbani. Ndani ya nukuu, liache neno kama lilivyosemwa. Nje ya nukuu, wewe si mwenzao wa chumba cha kujipambia.

Umefaulu kama unaweza kumsomea mtu asiyemjua msanii aya yoyote, ukamuuliza "huyu ni mwanamume au mwanamke?", na jibu lake likatokana na jambo ulilokusudia kulisema, si neno lililokuponyoka.

## Hatua ya 6: Hakikisha kila "a-" ina mwenyewe

Ukishaondoa maneno ya jinsia, linakuja tatizo jingine. Soma hii: "Conchita alipomaliza wimbo alisema amechoka na anataka kupumzika na jina hilo." Nani amechoka? Conchita, au Neuwirth aliyekuwa akimzungumzia? Kwa Kiingereza, «he» na «she» zingemaliza kazi. Kwetu a- ni ile ile.

Dawa ni kurudia jina bila aibu. "Conchita alimaliza wimbo. Nyuma ya jukwaa, Neuwirth alisema amechoka." Walimu walitufundisha kukwepa kurudia nomino, lakini kwenye habari yenye mtu na mhusika wake, kurudia ndiko kuandika vizuri. Kila unapovuka kutoka jukwaani kwenda maishani, anza sentensi mpya kwa jina jipya.

Kosa pacha ni kuchanganya wasifu. Mume wa Edna, Norm, hakuwahi kuishi. Usimzike kwenye maisha ya Humphries. Umri, mji wa kuzaliwa na watoto wa mhusika vikae upande wa mhusika. Mtafsiri wa mashine hawezi kuona mpaka huo, na makala zinazopitishwa humo ndizo zinazotoka na wajane wa watu wasiokuwepo.

## Hatua ya 7: Kichwa cha habari, picha na msiba

Kichwa cha habari huandikwa na mtu mwingine kwa haraka, naye ndiye anayerudisha "mwanaume avaa gauni" baada ya wewe kutoka jasho. Andika vichwa viwili mwenyewe, uvipeleke pamoja na makala.

Maelezo ya picha yafuate picha. Amevaa dragi, jina la jukwaani. Hajavaa, jina alilokuruhusu. Usiweke picha mbili ubavu kwa ubavu za "kabla na baada" ila msanii amezitoa mwenyewe.

Kwenye msiba fuata tangazo la familia na wakala. The Vivienne, mshindi wa kwanza wa Drag Race ya Uingereza mwaka 2019, alipofariki Januari 2025, tangazo liliweka majina yote mawili pamoja, James Lee Williams na The Vivienne. Magazeti yaliyolifuata yalikuwa salama. Lakini kwa msanii trans, ndugu wanaweza kurudisha jina aliloliacha, na hapo kauli aliyoitoa akiwa hai ndiyo ya kushika.

## Hatua ya 8: Ukaguzi wa mwisho, na ukikosea

Kabla ya kutuma, tafuta kwenye faili maneno haya moja baada ya jingine: mwanaume, mwanamke, bwana, dada, kaka, halisi, jifanya, oa, olewa, maarufu kama. Kila linapoonekana, eleza kwa sauti kwa nini liko pale. Usipoweza, litoe. Kisha angalia kiungo cha makala, jina la faili ya picha na maneno ya utafutaji. Jina la kuzaliwa hupenda kubaki huko hata likishafutwa kwenye maandishi.

Msanii akiandika kulalamika baada ya makala kutoka, rekebisha siku hiyohiyo, kwenye makala, kwenye kichwa, chini ya picha na kwenye machapisho yote ya mitandao. Taarifa ya masahihisho isirudie jina ulilolikosea. "Toleo la awali lilimtaja msanii kwa jina asilolitumia. Tumerekebisha na tunaomba radhi" inatosha. Halafu mtumie kiungo kipya aone mwenyewe, na ubadilishe ile karatasi ya maamuzi ili mwenzako atakayemwandika mwakani aikute ikiwa sahihi.